Kitakachotangulia

Miaka mitatu au kilomita laki moja,
kitakachotangulia.
Ndivyo kilivyosema kijitabu cha dhamana,
nami nikakitia kwenye mfuko wa nailoni
pamoja na stakabadhi za korosho za misimu miwili
zilizoinunua pikapu hii, nyeupe, milango minne,
ubavuni maandishi ya mchora mabango wa Tandahimba:
SOMOE CHILUMBA, MBEGU NA SALFA.

Ilizima Mahuta, saa nne asubuhi,
magunia ishirini na sita mgongoni.
Haikukohoa, haikuaga.
Gia ziliingia zote na hakuna iliyoshika,
kama mtu anayeitikia naam, naam, na hanyanyuki.
Nikasoma saa ya kilomita: 99,909.
Nikapiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la dashibodi:
zimebaki tisini na moja.
Kutoka pale hadi gereji ya kampuni, Mtwara mjini,
ni mia na tatu.

Fundi Nambunga alikuja na spana zake ndani ya soksi.
Nikamwambia, usiguse.
"Hata boneti?"
Hata boneti. Kijitabu kinasema nati ikiguswa na mkono wa nje
dhamana imekufa.
Akakaa kwenye jiwe akalitazama gari
kama mganga aliyekatazwa kumshika mgonjwa.

Tukavutwa. Lori la Mkwinda, kamba ya katani,
mimi kwenye usukani, swichi nimeiwasha usije ukajifunga,
na saa, kwa kuwa magurudumu yalizunguka,
ikaendelea kuhesabu.
Nanyamba tuliipita nikiitazama yenyewe kuliko barabara.
Naliendele, penye mikorosho ya watafiti
iliyosimama mistari kama wanafunzi kwenye gwaride,
tisa zote tano zikageuka kwa pamoja:
moja, na sifuri tano.
Nilipiga honi. Sijui kwa nini.
Mkwinda akadhani nataka tusimame.

Kijana wa mapokezi, Deusdedit, shati limefungwa hadi kifungo cha juu,
akainama, akasoma: 100,012.
"Pole sana, mama. Umezidisha kumi na mbili."
Sikuzidisha mimi, nikamwambia. Imezidisha kamba.
"Saa haijui kamba, mama."
Nikamuuliza: kwenu, mtu akifia Mahuta
akaja kuzikwa Mtwara,
ile njia mnaihesabu kwenye umri wake?
Alinyamaza. Akaandika kitu. Akakifuta.
Akasema suala litapelekwa Dar es Salaam.

Dar es Salaam ilikaa siku kumi na tisa.
Salfa ikaenda kwa bodaboda, gunia moja moja,
na waliochoka kungoja wakanunua kwingine.
Kila asubuhi napiga simu, kila asubuhi muziki uleule,
na sauti ya kike ikinishukuru kwa uvumilivu
ambao sikuwa nao.

Siku ya ishirini wakataka barua ya dereva aliyevuta.
Mkwinda na kalamu waliachana darasa la tano.
Alikuja na kamba yenyewe,
akaitua juu ya meza ya kioo,
kwenye fundo bado imeng'ang'ania rangi ya bampa langu,
akasema, "Barua hii hapa. Someni."

Deusdedit hakucheka. Alilivuta lile fundo,
akalinusa, sijui alitafuta nini,
kisha akachukua kadi ya kazi
akaandika kwa herufi kubwa, taratibu,
mwenzake akimchungulia begani:
KILOMITA 99,909. ZINAZOZIDI NI ZA KAMBA.

Gia mpya hawakunidai.
Mafuta yake nililipa mwenyewe,
na elfu kumi na tano ya kuoshwa gari,
ambayo sikuiomba.