Siku ya Vidonge

Daktari aligeuza kioo upande wetu, Thoya,
tukauona moyo wako ukipapatika, mweupe kwa mweusi,
kama kuku aliyefungwa miguu sokoni.
"Upande huu wa kulia umetanuka," akasema.
"Miaka yote hii unasukuma damu kwenye mapafu yaliyoziba."
Kisha akauliza: utotoni, mliwahi kuoga ziwani?

Ukacheka. Ukacheka hadi pumzi ikakuishia,
nikakushika bega.
Kuoga! Pale Jilore sisi tulikuwa vyura.

Tulijipanga ukingoni, kaptura magotini,
tukishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi.
Mwaringa alishinda mara mbili, tukambeba juu juu.
Tulidhani ni uanaume unaingia.
Hata baba alisema, ndivyo wavulana wanavyokua.

Kumbe konokono, mdogo kama choroko,
alikuwa ametuma wageni wake
wakapenya ngozini bila hodi,
na mayai yao mengine yakapotea njia,
yakapanda mapafuni, yakajenga.

Sijamwambia daktari habari ya siku ya vidonge.
Walikuja shuleni na ufito wenye alama,
wakatupima urefu, si uzito:
alama ya tatu, vidonge vitatu.
Vichungu! Nilitapika kimoja, wakanipa kingine.

Wewe hukuwapo.
Ilikuwa zamu yangu ya mbuzi,
nami nilikuuzia zamu ile kwa kitumbua kimoja,
kwa sababu nilisikia shuleni kutakuwa na uji wa sukari.

Leo nakupandisha ngazi za kwako, Barani.
Vipandio kumi na viwili.
Unapumzika cha nne. Unapumzika cha saba.
Cha tisa unakaa kabisa.
Miguu imevimba; nikibonyeza kwa kidole
shimo linabaki, kama kwenye unga uliokandwa.
Msichana wa duka la dawa anasema vidonge bado vipo,
bei rahisi, vitaua kilicho hai.
Lakini moyo ukishatanuka, anasema,
na hapo akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

Unaniuliza mbona nimenyamaza.
Natoa mfukoni gazeti lililolowa mafuta,
ndani yake kitumbua, bado cha moto.
Sijui nianzie wapi.

Unakipokea. Unakipima kiganjani.
"Haya," unasema, "leo nichunge mbuzi wa nani?"