Jiwe la Sita Baada ya Taa

Baba alitaka tuvuke mapema, jua halijakolea.
Akavaa viatu vyake vya misa, vile vyeusi vinavyombana,
kama mtu aendaye kudai haki yake kwa meya.
Mama alisema magoti yake yamegoma:
atatungoja ng'ambo, mkahawani kwa Eladio.
Akapanda teksi, ikazunguka kwenye daraja la chuma,
maana hili la mawe limeshastaafu magari.

Mto Duero ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Mei hii mipopla inamwaga pamba yake,
pamba isiyouzwa, isiyoshonwa,
inatua majini, inatua kwenye nyusi za baba.
Vinu vya kale vimechutama ukingoni,
hakuna ngano, hakuna unga,
na maji bado yanakuja kazini kila alfajiri
kama kibarua ambaye hakuna aliyemwambia
kwamba mwenye kinu alikufa.

Baba haoni tena sawasawa.
Jicho la kulia limebaki na mwanga, la kushoto na kumbukumbu.
Akaweka kiganja juu ya ukuta wa daraja,
akaanza kusoma.
"Hili la watu wa zamani. Hili pia.
Hili la mvivu, angalia alivyolikwangua."
Watalii wawili walikuwa wanapiga picha
ya kanisa kuu na kuba lake la magamba;
akawapita bila salamu,
kidole gumba kimetangulia kama fimbo.

Mwaka nilioanza shule walilikarabati, mafundi kumi na wanne,
na nyapara wao Abundio
aliyepima kwa jicho na kutukana kwa Kilatini.
Nakumbuka vumbi jeupe shingoni mwa baba,
na mama akitoka nyumbani saa sita kamili
na sufuria ya dengu iliyofungwa kwa kitambaa.

Taa. Moja, mbili, tatu.
Kwenye la sita akasimama.
Akalipapasa kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Uso wake wa ndani niliuandika."
Nini?
"Jina."
La mama?
Baiskeli ikapita. Kengele yake ikalia mara mbili, bila sababu.
"La Clotilde," akasema. "Binti wa muuza mishumaa.
Sikumgusa hata ukucha. Nilikuwa na mke, watoto wawili na nyundo,
na katika vyote hivyo nyundo ndiyo iliyonitii.
Niliandika, nikaligeuza, nikapaka chokaa.
Anayelisoma ni giza tu."

Sikujua niweke wapi macho yangu.
Nikahesabu matao, nikakosea, nikaanza upya.
Korongo akavuka na kijiti mdomoni,
ana haraka zake.

Kwa Eladio, mama alikuwa amemaliza mkate
na kuukusanya unga wake mezani kwa ncha ya kidole.
Baba akaenda kunawa.
"Alikuonyesha?" mama akauliza, hakuniangalia.
"La sita, siyo?"

Siri ya mtungi, wanasema, huijua kata.

"Nilipeleka dengu, yeye yuko chini mtoni ananawa mikono.
Jiwe limelala chali, mchana kweupe, na jina lake juu.
*Clotide*. Aliruka herufi,
baba yako hajawahi kuelewana na L.
Nikakaa nalo kidogo.
Sufuria ilikuwa inaniunguza paja, sikuhisi.
Halafu nikamwomba Abundio patasi.
Hakuniuliza, yule mzee; aligeuka akatukana mto.
Nikaichomeka L pale juu, ndogo, imepinda kidogo."

Na hukumwambia?

"Nimwambie nini? Kwamba hajui kuandika?"
Akasukuma kibakuli cha sukari upande wa pili wa meza,
mahali ambapo mkono wa baba huwa unakitafuta.
"Yule msichana alikuwa ananipa mishumaa kwa mkopo.
Sikutaka akae mle ndani miaka yote
na jina lenye makosa."

Baba akarudi, mikono inachuruzika,
akapapasa kiti, akaketi.
Akaipata sukari mara ya kwanza.