Kadi ya Chanjo

Nkuhungu, uwanja wa ofisi ya kata.
Kalamu ya bwana mifugo imekwama kwenye neno Aina.
"Mbwa wa aina gani huyu, bibi?"

Nikamtazama Karanga ndani ya kapu la zabibu:
sikio moja limesimama kama askari wa getini,
la pili limelala, halina habari.
Mama yake alilinda mizabibu ya Chalula, kule Hombolo.
Baba, wanasema, alihamia na wizara,
manyoya mareefu, mkanda mwekundu shingoni;
hakumaliza wiki, akaruka ukuta.

Niseme nini?
Kwamba chamchela ya vumbi huibwekea mpaka sauti imkauke,
ila kicheche akija bandani humtikisia mkia?
Kwamba hula ugali kwa mlenda,
sharubu zikateleza siku nzima?
Kwamba Julai, baridi ikipenya chini ya mlango,
hunilalia miguuni, mimi Sechelela,
niliyeapa mbele ya majirani
mbwa hakanyagi sakafu yangu?

"Andika wa kwangu."
Akacheka, akaandika chotara.

Sindano ikaingia. Karanga kimya.
Niliyeguna ni mimi.
Yeye alikuwa anailamba kadi,
wino haujakauka.