Moja, Sita, Tano

Tulifika barabara ya Wilson saa tatu asubuhi,
ukungu wa Lima bado haujaamua
kama ni mvua au ni uvivu tu wa anga.
Noti nimezificha kifuani,
sarafu ndani ya soksi ya marehemu mume wangu:
soli elfu moja, mia moja na arobaini,
zote zinanukia shayiri na ndimu,
maana nilizipata kikombe kwa kikombe
kwenye mkokoteni wangu wa vinywaji vya moto,
wateja wakiwa bado na tongotongo.

Edelmira ana karatasi ya kitivo.
Kumbukumbu: gigabaiti nane, zisipungue.
Betri ya saa sita.
Anaisoma kama mgonjwa asomaye cheti cha daktari.
Nikamuuliza, nane ni nyingi?
"Nane, mama, ni za kubahatisha."
Haya. Mimi ninazo mbili, na moja imejaa madeni.

Duka la kwanza: mpya, nyembamba kama biskuti,
bei yake mikokoteni miwili na nusu.
Muuzaji hakututazama usoni. Alitutazama viatu.
Duka la pili palikuwa na ya rangi ya waridi.
Edelmira aliigusa kwa kidole kimoja,
kisha akakirudisha kidole mfukoni.
Nililiona hilo. Sikusema.

Ngazi. Ngazi tena.
Ghorofa ya tatu, kibanda cha Wilfredo,
bisibisi sikioni mahali pa kalamu.
Akatuwekea mezani moja nyeusi, pana,
nzito kama Biblia ya harusi.
Ilikuwa ya ofisi huko Ohio, akasema,
ya mhasibu, mtu mpole, hakuwahi kulia chakula juu yake.
(Amejuaje?)

Mimi najua kuchagua parachichi,
najua kugonga sufuria nikasikia ufa.
Nikaigonga. Wilfredo akacheka.
Cheka tu, mwanangu, lakini mbuzi wa kwenye gunia sinunui.
Mpasue tumbo tuone.
Akaifungua kweli: vumbi kidogo, feni,
na vijiti viwili vya kumbukumbu, nne na nne,
vimelala kama mapacha.

Elfu moja mia mbili themanini, akasema.
Mia tisa, nikasema.
Akashika moyo. Akashuka hadi elfu na mia mbili, akagoma hapo.

Ndipo Edelmira akanyamaza vibaya.
Kidole chake kilizunguka kando ya L,
kikatafuta, kikarudi, kikatafuta.
Haipo.
Ile N yenye wimbi kichwani haipo.
Ohio hawaihitaji.

Na sisi ni akina Ñahui,
jicho, kwa Kikechua cha mama yangu.
Karani mmoja wa Huancavelica aliwahi kunisajili bila wimbi;
nilipanga foleni kumi na moja, miaka minne,
hadi likarudi.
Nikaifunga soksi fundo. Twende zetu.

"Subiri, mama." Akamgeukia binti:
shikilia hapa kushoto, usiachie,
bonyeza moja, sita, tano. Sasa achia.
Ikajitokeza kwenye skrini, na wimbi lake,
peke yake, kubwa.

Kila mara? nikauliza.
Kila mara.
Miaka mitano ya chuo, kila akiandika jina lake
lazima apige hesabu kwanza?
Wilfredo akakuna kichwa.
Basi punguza. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa.

Akapunguza sabini.

Nje tuliketi kwenye ngazi ya benki iliyofungwa.
Zilibaki soli kumi; mkate wenye yai, tukagawana.
Aliipakata mapajani bila kuifungua,
koti lake juu yake kwa ajili ya ukungu,
na vidole vyake, nadhani hakujua,
vilikuwa vinagonga kifuniko:
kimoja kimeshikilia,
kingine moja, sita, tano.

Nikamwambia ale kabla yai halijapoa.