Mengineyo

Kikao kimefunguliwa saa nane na dakika ishirini.
Kilikuwa cha saa nane kamili. Mchelewaji ni mimi, mwenyekiti:
ufunguo wa chumba ulikuwa mkononi mwangu
muda wote nilipokuwa nikiutafuta.

Ajenda ya kwanza: barakoa za vumbi.
Nasoma "barakoa", na tayari nimeshafika kwingine,
nani aliupaka ukuta huu rangi ya maziwa yaliyoganda,
kwa nini feni inasema tetetete halafu inameza mate,
na Mwamba wa Tororo dirishani umevaa wingu upande
kama mtu aliyeitwa katikati ya kunyoa,
na Ikwap anazungumza.
Ikwap amekuwa akizungumza.
Namkatiza, kwa furaha,
kwa wazo zuri, naapa, zuri kweli,
kuhusu jambo ambalo hakuna aliyelitaja.

Walinichagua kwa kura kumi na saba
kwa sababu siku ile tanuri lilipozimika
nilikimbia, nikapiga simu, nikapanga zamu, nikachemsha chai,
yote ndani ya saa moja, nikicheka.
Moto naujua.
Kinachonishinda ni majivu:
fomu, sahihi, nakala tatu, Ijumaa ijayo.

Daktari wa Mbale aliniandikia herufi nne kwenye karatasi
nikiwa na miaka thelathini na tisa.
Mama aliposomewa alicheka mpaka akashika mbavu.
"Na baba yako je? Alitumwa jembe, akarudi na redio."
Karatasi yenyewe sijui niliiweka wapi.

Sasa, ngazi.

Mwezi wa pili Ikwap alisema: ghala namba tatu,
kipago cha tisa kinacheza.
Sikuwa na daftari. Nikaandika kiganjani, wino wa buluu,
herufi kubwa: NGAZI.
Nikaenda kantini. Posho na maharagwe.
Nikanawa.

Owor alivunjika mkono wiki mbili baadaye,
wa kulia, ule wa kuandikia.
Kipago wakakifunga kwa waya.
Owor hakunilaumu. Alisema ngazi ile ni ya zamani.
Nilitamani anilaumu.

Basi leo, kabla ya ajenda ya pili, nikasimama.
Sikupanga. Mimi na kupanga tunasalimiana kwa mbali.
Nikawaambia kuhusu kiganja.
Nikawaambia kuhusu herufi nne, kwamba masikio ninayo
ila mlangoni pake pana foleni
na kila sauti inasukuma.
Feni ikameza mate.

Nambozo wa maabara, mwandishi wetu,
hakuinua kichwa. "Hapo niandike nini?"
"Andika nilisahau."
Akaandika.

Halafu Ikwap, polepole, kama anayehesabu chenji:
"Sisi tulidhani unatudharau."

Neno hilo liliingia likakaa.
Machache hukaa.

Hakuna aliyenipa pole. Oketcho wa mitambo
alitoa kijiko cha chai mfukoni (kwa nini kijiko, sikuuliza,
au niliuliza, sikungoja jibu)
akasema: ukipotea nitagonga kikombe.
Ukimkatiza mtu, nitagonga mara mbili.
Na kila neno la hatari litaandikwa ubaoni kwa chaki
na halifutwi na mtu
ila fundi aliyemaliza kazi.

Kijiko kiligonga mara kumi na moja.
Mara ya nne nilikasirika.
Mara ya tisa Ikwap alimaliza sentensi yake,
nami nikagundua huwa ana vichekesho mwishoni;
miaka miwili nimekuwa nikivikata vichwa.

Ajenda ya tano imeahirishwa.
Mengineyo: hakuna. Mengineyo ndipo ninapoishi,
leo nimetoka nje kidogo.
Kumbukumbu zimetiwa sahihi, ya Owor kwa mkono wa kushoto,
imepinda kama njia ya mbuzi.

Kikao kimefungwa saa kumi kasorobo.
Nimekwenda bombani, nimenawa mikono,
nimerudi kuchungulia dirishani.

Bado lipo.