Hatua Nne

Mwaka ule baba alisoma sura ya sikukuu
hadi pembe za kurasa zikapata weusi wa vidole,
akatangaza mezani, uji ukiwa bado wa moto:
siku ya kumi ya mwezi huu, hapa hakuna atakayekula.
Ni Kwaresima nyingine, baba?
Hii ni ya zamani kuliko Kwaresima, akasema,
ya zamani kuliko kengele yetu ya Kidia.

Mwezi ulipoandama akapanga dirishani punje kumi za buni.
Kila jioni akatoa moja.
Kwenye mashine ya kusaga watu wakacheka:
Ndekirwa siku hizi ni Mwebrania,
mtamkuta Sinai na kondoo wake wawili.

Siku yenyewe moshi haukutoka jikoni.
Mama alilaza vyungu kifudifudi.
Ng'ombe walikatiwa majani kama kawaida,
maana wao, alisema, hawana la kutubu.
Kaka yangu Elinisafi alilamba jiwe lao la chumvi
nyuma ya zizi. Nilimwona, nikanyamaza.
Ndiyo dhambi yangu ya siku ile,
kama bado inahesabiwa.

Saa saba tukakaa, kila mtu ataje lake.
Elinisafi akataja chumvi, akalia.
Mama akataja kitenge
alichonunua Moshi mjini kwa fedha ya kahawa
akasema ni zawadi ya shangazi.
Ikafika zamu ya baba,
mzee wa kanisa, mhesabu sadaka.
Akatazama viganja vyake muda mrefu,
mpaka tukausikia mfongo ukipita chini ya migomba.

Masale ya mpakani kwa Apaeli, akasema,
niliyahamisha mimi.
Hatua nne.
Usiku wa matanga ya babu yenu,
watu wakiwa wanaimba.

Akaenda kukata isale, akalifunga fundo,
akapita lango la mdogo wake
ambalo hatukuwa tumelipita miaka kumi na moja.
Sisi nyuma yake, matumbo yakinguruma.
Baba mdogo alikuwa anakatakata mgomba wa mbuzi.
Akalitazama isale. Akamtazama aliyelishika.
Hatua nne, akasema, ni migomba mingapi?
Kwa miaka kumi na moja ni mikungu mingapi?
Baba, ambaye hesabu za usharika
hazikuwahi kumpotea hata senti,
hakuwa na jibu.

Kwetu isale halikataliwi.
Apaeli hakulikataa. Alilichomeka
kwenye paa la banda la mbuzi,
akaokota panga, akaendelea kukata.

Jua lilipozama, kabla hata ya mtori, tulichimba.
Mizizi ilikuwa imeuzoea uongo,
imeshika ardhi kama yenye haki.
Mama alishika kandili.
Hakuuliza tuchimbe wapi.

Siku tano baadaye baba akajenga kibanda cha majani ya migomba,
tukalala humo siku saba, na mvua za vuli zikawahi.
Apaeli alipita njiani, akasimama, akakikagua.
Kinavuja kushoto, akasema.
Akaenda zake.
Baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Baba amelala sasa kihambani, upande wake halali.
Mwaka huu nilikuwa nampaka mama mafuta miguuni
akaushika mkono wangu, akasema:
Usiku ule wa matanga kulikuwa na giza.
Baba yako asingeweza kuchimba peke yake.
Kandili nilishika mimi.
Na siku ile mezani
nikataja kitenge.

Akauliza kama siku ya kumi iko karibu.
Nikahesabu kwa vidole: bado miezi saba.
Apaeli naye ana themanini na mbili, anakohoa.
Nikafuta mafuta mikononi,
nikatoka nje kutafuta panga,
nimkatie isale.