Usiniulize Kitu Nikihesabu

Waya tuliutoa kwenye feni ya msikiti wa Mkomani,
iliyoungua katikati ya tarawehe.
Mhazini alisema: chukueni, shaba yake haisali.

Tukaufungua kichochoroni,
Somoe ameshika ncha, mimi narudi nyumanyuma
hadi mlangoni kwa kina Kupi.
Punda wa matofali alipotokea
tuliuinua juu ya masikio yake, akapita
kama mgeni rasmi chini ya hema.

Usiikwaruze vanishi, alisema Somoe, hiyo ndiyo ngozi.
Waya usio na ngozi
ukigusana na mwenzake husahau njia.

Gamba lilikuwa bomba la kadibodi
kutoka duka la vitambaa la Taibali,
upana vidole vinne vyake, vitatu na nusu vyangu.
Tukaandika vinne. Mwenye hesabu alikuwa yeye.
Tulilipaka nta ya mshumaa lisinywe unyevu,
maana Lamu hata chumvi hulia kwenye kopo.

Somoe alikuwa mshona kofia.
Kofia ya mkono haisamehe: ruka tobo moja
na ua zima linapinda, na mteja ana macho.
Akaisuka koili kwa mkono uleule,
waya ubavuni mwa waya, usipite unywele,
akihesabu kwa lugha ya nyanyake,
moya, mbili, tatu, ne,
na kila wa kumi akitoa kitanzi,
akikikwangua kwa wembe, kitanzi kiwe mlango:
huu wa karibu, huu wa mbali,
huu hatujui wa nani.

"Usiniulize kitu nikihesabu."

Nikamuuliza kitu.
Nilimuuliza kama ni kweli anaolewa Faza.

Mkono ulisimama kwenye sabini na
— sabini na ngapi?
Hakunijibu hilo wala lile.
Aliufungua wote. Waya ulishuka sakafuni umejikunja,
umeshajifunza duara, haunyooki tena.
Tukauvuta kwenye komeo la mlango
mara mbili, mpaka ukatii.
Akaanza moya.

Antena tuliipitisha juu ya wikio, paa hadi paa;
Mama akaanika kanga juu yake,
na kanga zikiwa mbichi sauti ilipungua.
Ardhi: msumari kwenye tope la kisima.
Fuwele: kijiwe cheusi cha kung'aa
nilichokinunua kwa fundi Shebwana kwa kaimati kumi.
Kisikizio kimoja, cha simu ya posta iliyovunjika,
kwa masikio mawili ya watu wawili.

Betri iko wapi? aliuliza Mama.
Haina.
Basi inakula nini?
Inakula kilekile inachosema, akajibu Somoe.

Saa nne usiku. Kitanzi cha tatu, kimya.
Cha tano, mchakato wa mchele unaopetwa.
Cha saba: mtu anasoma bei ya samli,
sauti nyembamba kama uzi wa kofia,
na nyuma yake mwingine, stesheni nyingine, anacheka,
wote wawili wanagombea sikio letu.

Mimi niliruka. Somoe hakuruka.
Zimebanana, alisema. Koili ijayo
tutaacha nafasi ya uzi mmoja kati ya waya na waya,
tupate kumsikia mtu mmoja mmoja.

Koili ijayo haikuja.

Siku hizi nasuka mota za pampu, huku Langoni.
Mashine inahesabu yenyewe, ina namba nyekundu,
lakini midomo yangu haijaiamini,
na mteja akinisemesha kabla sijafika mwisho
namwinulia kiganja.

Mwaka ule panya walipotafuna ncha ya gamba
niliangalia ndani kwa mara ya kwanza.
Penseli, mwandiko wake wa kubana:
mia na kumi na mbili.
Na chini, ndogo zaidi,
kama kitu kilichoandikwa gizani:

sabini na ne.
Na ndiyo.